Kitabu Alichokikataa Bibi

Harufu ya vitabu vya mitumba vikiota jua hainipiti hivi hivi hata leo: vumbi, ukungu wa karatasi, na mafuta ya kujipaka ya watalii walioviacha hotelini. Bagamoyo mjini palikuwa na muuzaji aliyevitandaza barazani juu ya mkeka, na huko ndiko mjomba Shabani alikonipeleka likizo moja, nilipokuwa kidato cha pili. Mjomba ni mdogo wake mama, mwalimu wa Mapinga, na yeye na walimu wenzake walikuwa wamepanga kupanda Mlima Kilimanjaro. Kwetu Mlingotini hakuna aliyewahi kufika huko. Mwinuko tulioujua sisi ni wa vichuguu. Bibi, mama yake, alikuwa hajampa radhi, na radhi ni bora kuliko mali. Bila hiyo mjomba asingevuka kizingiti. Akaona atafute kitabu cha mwongozo, amsomee mama yake, roho yake itulie. Vilikuwepo viwili, vyote vya Kiingereza, na muuzaji akamwazima akachague nyumbani.

Tulimkuta Bibi uani anapepeta mchele. Mjomba akamwamkia, akaketi mkekani, akaanza na kile kikubwa cha picha: maua ya mlimani, wapagazi wanaocheka, theluji nyeupe pe. Bibi akaacha ungo, akakipapasa, akasema Mungu fundi. Kile cha pili kilikuwa chembamba, hakina picha, na sura yake ndefu kuliko zote ilihusu ugonjwa wa mlimani. Mjomba akawa anaifasiri polepole: kichwa kitauma, kisha kikohozi, mapafu yatajaa maji, na mtu asiposhushwa upesi atakufa. Hapo Bibi akainua mkono.

"Shabani, usijichurie. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

"Lakini mama, hiki ndicho chenye faida."

"Kitabu kinachotaja maiti hakifungi safari ya mwanangu. Radhi yangu iko kwenye hicho cha maua."

Mama yangu naye akamuunga mkono. Ndivyo tulivyolelewa: msafiri haagwi kwa habari za kifo. Mjomba akakifunga kile chembamba, na kesho yake akakirudisha. Ubani ukachomwa, dua ikasomwa, akaondoka anacheka.

Wenzake walitusimulia baadaye. Kichwa kilimuuma, akasema ni baridi, mtu wa pwani hajaizoea. Akakohoa, akasema ni mafua. Alichungulia kitabu chake na hakikumwambia kitu, akaendelea kupanda na wenzake. Walipomteremsha hakuwa tena na pumzi ya kutosha, na alifia njiani. Matangani watu walinong'ona kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Niliwachukia kwa neno hilo, na bado nawachukia, kwani mjomba hakuficha maradhi yake. Hakuyajua.

Arobaini ilipopita Bibi alinituma kwa yule muuzaji. Kitabu chembamba kilikuwa bado pale, nikakileta nyumbani. Nikamsomea sura ile, nikiokoteza maneno kwa kamusi, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kulia. Kisha akasema, "Kumbe walisema." Hakulitaja tena jambo hilo mpaka tukamzika.

Siku hizi habari za mlima zimo kwenye simu, na vijana wa Bagamoyo wanaopanda ni wengi, hakuna anayewashangaa. Uchuro lakini haujahama. Mwaka huu binti yangu aliponiambia anataka kwenda, nilitafuta kitabu kinachosema wazi, nikamkalisha mbele ya mama yangu, nikaanza kusoma. Mama akajivutia ushungi usoni. "Usimchurie mtoto," akaniambia, kwa sauti ya Bibi kabisa. Nampenda na sipendi kumuumiza, lakini niliendelea: kichwa, kikohozi, mapafu, kifo. Nilipomaliza nilidhani atainuka aondoke. Akafunua uso, umelowa machozi, akamgeukia mjukuu wake.

"Sasa sema wewe, kwa mdomo wako. Kichwa kikikuuma, utafanya nini?"

"Nitamwambia kiongozi, bibi. Nisipopata nafuu, nitashuka."

"Na wenzako wakikucheka?"

"Nitashuka."

Ndipo akampa radhi.