Muiri Uliochunwa kwa Siri

Shambani kwetu Njoro kuna mti mmoja mkubwa wa muiri uliobaki tangu msitu ulipofyekwa kupisha ngano. Gome lake huchemshwa kwa mengi, lakini kila mtu huku anajua linatafutwa zaidi na wazee wanaosumbuliwa na mkojo. Ndiyo maana hakuna anayelichuna hadharani.

Mwaka jana nilienda kuwasalimia wazazi. Nikipita nyuma ya zizi, nikaona mti umechunwa upande usioonekana kutoka barabarani, na kidonda bado kibichi. Boma letu lina mwanamume mmoja tu, baba.

Nilishtuka, kisha nikakasirika, maana namjua. Mzee wa kanisa, mkaidi kupindukia, angekubali kufa kuliko kumwambia mtu kwamba mkojo umekataa kutoka. Na kwetu binti hataji mambo hayo mbele ya baba yake. Mama alinisihi niachane nayo. Nikaona heri aibu kuliko matanga.

"Baba, unakojoa vizuri?"

Kikombe kikasimama hewani. "Nani amekuambia?"

"Nimeona mti."

"Hiyo si maneno ya kuongea na msichana yangu."

"Msichana yako ako na watoto watatu. Kesho tunaenda Nakuru."

Alinuna njia nzima. Daktari alimpima akakuta tezi dume imevimba, lakini hakumcheka wala kumkaripia. Alisema wapo wanaopata nafuu kwa gome hilo, ila haliwezi kutueleza uvimbe ni wa aina gani, na hilo ndilo lazima tujue. Wakamkata kinyama kidogo, kikapelekwa maabara.

Kungoja majibu kulinimaliza. Baba naye akaanza kumwelekeza mama ng'ombe gani auze na gani abaki naye, kana kwamba anasafiri.

Tuliporudi kuchukua majibu, daktari alisema, "Si kansa, mzee. Ni uvimbe wa kawaida wa umri wako. Tutautibu."

Baba akamwomba arudie. Akarudia. Nililia kwa furaha bila haya, kamasi na yote.

Kwenye korido baba alisimama mbele ya mzee mmoja aliyekuwa akingoja kwenye benchi, mtu tusiyemjua kabisa, akasema kwa sauti ya kusikika hadi dirisha la dawa: "Mzee, unaona huyu msichana yangu? Yeye ndiye aliniuliza kama nakojoa vizuri. Wewe nani amekuuliza?"