Zaburi Niliyomwibia Bwalya

Kengele ya parokia yetu pale Tunduma ilikuwa rimu la gurudumu la lori, limening'inizwa kwenye nguzo nje ya sakristia, na kwa kawaida ililia Jumapili asubuhi au pale mtu alipofariki. Kwa hiyo jioni ile ya mwezi wa nne ilipolia mfululizo bila kukoma, mama aliacha mahindi mabichi yakiungua jikoni, akanishika mkono, tukakimbia tukipenya katikati ya malori yaliyopanga foleni kungoja kuvuka mpaka. Harufu ya dizeli na ya udongo uliolowa mvua bado iko puani mwangu. Tulidhani ni moto. Kumbe katekista alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, redio ameinyanyua kwa mikono miwili, analia kama mtoto: "Tumempata! Tumempata Papa!" Akina mama wakapiga vigelegele, wazee wakakumbatiana, na Baba Paroko akatangaza kwamba Jumapili tutakuwa na Misa ya shukrani, na wenzetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wataalikwa kwa sababu Baba Mtakatifu ni wa wote. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Katika furaha yote ile nilisubiri jambo moja tu, nalo likaja: Mwalimu Simbeye wa kwaya ya watoto alinigusa bega akasema, "Ana, beti za zaburi ni zako kama kawaida."

Ijumaa alikuja mama mdogo, aliyeolewa Nakonde, kusaidia maandalizi ya chakula cha sherehe. Alikuja na binti yake Bwalya, mwenye miaka tisa, mwembamba, aliyezungumza Kibemba na Kinamwanga vizuri na Kiswahili cha kuokoteza. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, na nilipenda kuitwa hivyo. Jumamosi nikaenda naye mazoezini, akaketi benchi la nyuma. Tulipofika kwenye kiitikio akaanza kuitikia nasi, taratibu, bila kujua kwamba sauti yake inapita juu ya zetu zote. Mwalimu akaacha kupiga kinanda. "Nani huyo?" Akamwita mbele, akamwimbisha ubeti wa kwanza. Kila penye r aliweka l, lakini sauti ile ilitoka bila kusukumwa, na hata watoto watundu wa safu ya nyuma walinyamaza. Nami nilijua, kabla mwalimu hajafungua kinywa, kwamba nimekwisha. "Ana, kesho utaitikia na wenzako," alisema. "Mgeni tumpe heshima."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona. Nyumbani mama alimsifu Bwalya mbele ya majirani mpaka nikatamani kuziba masikio, na baba akamkatia kipande cha nyama alichozoea kunikatia mimi. Mchana ule, tukiwa tunafua nguo uani, Bwalya aliniomba nimfundishe kutamka maneno ya beti. Nikamfundisha. Kila alipokosea nilifurahi, na kila alipopatia nilisugua nguo kwa nguvu zaidi. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Siku moja tu ilinitosha kukonda, maana usiku sikuweza kumeza hata tonge.

Jumapili kanisa lilifurika. Riboni za njano na nyeupe zilifungwa kila nguzo, na wageni wa Nakonde waliozidi nafasi wakatandikiwa mikeka chini ya turubai nje. Kabla ya maandamano kuanza, nilimvuta Bwalya kando nikamwambia, "Mwalimu amesema watoto wa Nakonde wote mkae kwenye turubai. Beti ataimba mwingine."

"Nimekosa nini, yaya?"

"Sijui."

Akafungua kitambaa cha njano cha kwaya alichokuwa amevishwa shingoni, akakikunja vizuri, akanikabidhi. Kisha akaenda. Baada ya somo la kwanza mwalimu aligeuka kumtafuta. Nikamnong'oneza kwamba ametoka nje na mama yake, naye akanionyesha kwa kidole nisogee mbele. Niliimba. Ningependa kusema sauti ilinikauka, lakini sivyo. Niliimba vizuri kuliko siku zote. Misa ilipokwisha akina mama walinifunika kwa khanga zao, na kigelegele kilichopanda juu ya vingine vyote kilitoka upande wa turubai. Sikuhitaji kuchungulia kujua ni cha nani.

Bwalya alinikuta penye masufuria ya wali. "Umeimba bwino, yaya," alisema, yaani vizuri, akanishika mkono. Wakati huohuo mwalimu akatokea, amekunja uso. "Wewe binti, ulikimbilia wapi?" Bwalya alinitazama, kisha akainamisha kichwa. "Nilisikia kichefuchefu, mwalimu." Hapo nikapata wivu wa pili, mchungu kuliko ule wa kwanza. Nilimwonea wivu kwa moyo wake, na moyo wa mtu hauibiki.

Tangu siku ile Papa amechaguliwa mara mbili nyingine. Safari hii ya mwisho hapakuwa na aliyekimbia. Moshi mweupe tuliuona kwenye simu, kila mtu kibarazani kwake, na vigelegele vilisikika nyumba moja moja. Mimi nauza vitenge karibu na mpaka, na kwaya niliacha zamani. Bwalya ndiye anayeongoza kwaya ya parokia yao Nakonde. Baada ya Misa yao ya shukrani alinitumia sauti aliyorekodi, nami nikampigia, nikamwambia nilichoficha miaka yote.

"Najua, yaya," alisema. "Nilijua palepale, ulipokuwa hunitazami."

"Mbona hukusema?"

"Ungepigwa. Halafu mimi ningeimba wewe unalia. Zaburi gani hiyo?" Akacheka, akaniuliza bei ya vitenge.

Jioni niliisikiliza sauti ile mara tatu. Binti yangu, ambaye ana umri niliokuwa nao wakati ule, aliacha daftari lake akasogea. "Mama, nani huyo?" Nikamwambia ni Bwalya, mama yake mdogo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wewe uliwahi kuimba hivyo?"

Niliona wivu ule wa zamani ukinipanda kifuani, haujapungua hata kidogo. "Hapana," nilisema. "Hata siku moja."