Barua Saba Kutoka Pori la Akiba

Mtu anayetaka kuingia katika pori la akiba lililo upande wa kusini wa wilaya ya Nyasa hawezi kuondoka tu Mbinga asubuhi akiwa na kofia na chakula chake. Ni lazima kwanza aandike barua ya maombi, aeleze anakwenda kufanya nini, na nani, kwa gari gani, mwezi gani. Niliandika. Lengo la safari nililieleza kwa sentensi moja: kuzuru kaburi la baba yangu.

Baba hakuzaliwa huko. Alikuwa Mmatengo wa milimani, akashuka kutafuta ardhi kwa sababu mteremko wa babu, pamoja na mashimo yake ya ngolo ya kuzuia mmomonyoko, ulikuwa umekwisha kugawanywa kwa ndugu wengi mno. Alifungua shamba bondeni, akafia huko, akazikwa huko. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu, na habari za msiba zilinikuta katikati ya mitihani. Nilibaki nikaimaliza. Nilijiambia kwamba kaburi halihami. Nilipopata likizo, kijiji cha huko bondeni kilikuwa kimehamishwa na eneo lote limewekwa chini ya hifadhi. Kisha nikapangiwa kazi mikoa ya mbali, nikafundisha jiografia huko mpaka nilipostaafu. Kaburi hilo sijaliona hata mara moja. Aliyeliona ni mdogo wangu, ambaye wakati ule alikuwa ameshaoa na alikuwa miongoni mwa waliolichimba.

Niliporudi Mbinga, magoti yangu yalikuwa hayakubali tena mwendo wa porini. Mdogo wangu, anayeishi Mbamba Bay, akajitolea. Kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, angeingia kulipalilia kaburi. Askari wa wanyamapori, alisema, wanamfahamu na humpisha. Nilikubali kwa sharti kwamba aniandikie. Sikutaka kupigiwa simu, kwa sababu maneno ya simu hubadilika kila yanaposimuliwa, ilhali karatasi hubaki na kosa lake. Barua ikawa inapandishwa mlimani na basi dogo kila mwaka, kwa miaka saba.

Nilizisoma kwa sauti nyumbani kwangu. Katika ya tatu alieleza kwamba alikuta mzizi wa mninga umeinua jiwe la kichwani, akaukata, akalilaza jiwe upya na kulishindilia udongo kwa miguu. Sehemu hiyo niliirudia mara nyingi nikiwa peke yangu. Nilikaribia kuamini kwamba miguu ile ilikuwa yangu.

Mwaka huu, baada ya matibabu ya goti, niliona naweza kwenda mwenyewe. Ofisa wa pori aliyepokea maombi yangu alikuwa binti aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, mtaratibu, mwenye kauli fupi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba.”

“Ombi lako limefika. Lina upungufu mmoja tu. Hukuonyesha kaburi liko wapi.”

“Mdogo wangu huenda kila Novemba. Askari wenu humpisha.”

Alifungua daftari la wageni, akarudi nyuma kurasa nyingi huku akipitisha kidole.

“Mzee wangu, hapa hapishwi mtu bila kuandikwa. Na kwenye Novemba zote hizi sioni jina la ukoo wenu.”

“Huenda hawakumwandika.”

“Huenda,” alisema, kwa upole wa mtu asiyetaka kubishana na mwenye mvi. “Basi nichoree ramani. Mto uko wapi, kilima kiko wapi, unafika kaburini ukitokea upande gani. Askari wataifuata.”

Nilitoka nimemkasirikia yeye. Niliona kwamba daftari lenye upungufu lisingeweza kushindana na barua saba zilizoandikwa kwa mkono wa shahidi. Nilizipanga mezani, nikachukua karatasi kubwa na penseli, nikaanza kuchora kwa kufuata alichoandika.

Katika barua ya pili alitoka barabarani, akavuka mto kabla ya kulifikia kaburi. Katika ya tano alitoka barabara ile ile akalifikia kaburi, na mto ukawa mbele yake, haujavukwa. Nilifuta, nikachora tena, nikajaribu kuupindisha mto ili maelezo yote mawili yasimame. Haukupindika. Kisha nikafika kwenye barua ya sita, ambamo anasema maji yalimfika magotini. Tarehe mbili Novemba! Katika nchi yetu mvua huwa bado hazijaanza, na vijito vya bondeni huwa mchanga mtupu wenye madimbwi mawili matatu. Nimefundisha majira ya mvua kwa watoto wa watu maisha yangu yote. Barua ile niliisoma kwa sauti mbele ya wageni, nikaisifu kwa uangalifu wake.

Kesho yake niliteremka Mbamba Bay. Nilimkuta mdogo wangu uani, na mkewe akigeuza dagaa wa usipa juu ya kichanja.

“Shikamoo, kaka! Leo umeshuka bila taarifa. Ni ukaguzi?”

“Ficha madaftari, mume wangu,” shemeji akadakia akicheka, “mkaguzi ameingia na kalamu nyekundu!”

Sikucheka. Nilikunjua ramani juu ya meza yao. “Nionyeshe kaburi.”

“Kaka, hizi ramani zako zinahitaji mtu aliyesoma.”

“Mto ni huu. Barabara ni hii. Nionyeshe.”

Aliinama juu ya karatasi kwa muda mrefu, mikono ameiweka nyuma. Shemeji aliacha samaki wake. “Mwambie,” alisema. “Mimi nimechoka kuishi na jambo hili ndani ya nyumba.”

Ndipo mdogo wangu akasema, bila kuinua uso. “Mwaka wa kwanza nilikwenda kweli. Sikupita langoni, nilipitia nyuma. Nilitafuta tangu asubuhi hadi saa tisa. Ni msitu mtupu, kaka. Hakuna shamba, hakuna nyumba. Nikarudi, nikakaa na karatasi mbele yangu. Ningekuandikia nini?”

“Kwamba hukuliona.”

“Wewe? Wewe mtu akikwambia ‘sijui’ unamtazama kama mwizi. Nikaandika kidogo tu, kwamba nimepalilia. Ukanijibu kurasa tatu. Ukasema mimi ndiye nimekuwa mtoto wa baba kweli kuliko wewe. Tangu nizaliwe hujawahi kuniambia neno kama hilo. Mwaka uliofuata ningeanzaje?”

“Na jiwe la kichwani? Mzizi wa mninga?”

“Hapakuwa na jiwe. Tulisimika msalaba wa mti.”

Msalaba wa mti, katika bonde lenye mchwa na moto wa kila kiangazi, hauishi miaka mitano. Nilielewa wakati ule ule kwamba hakuna kitu cha kuzuru. Kama angaliniambia hivyo mwaka wa kwanza, nilipokuwa ndiyo kwanza nimestaafu, ningalikwenda kuwatafuta wazee waliohamishwa kutoka kijiji kile, ambao baadhi yao walikuwa hai. Sasa wamekwisha. Miaka yenyewe ndiyo aliyoninyima, na alichokuwa akinipa badala yake kilikuwa hadithi. Lawama aliyonitupia ni ya kweli kwa sehemu, na sitaikana. Lakini mtu anayeniogopa anaweza kunyamaza. Hakuna mtu anayeogopa kiasi cha kubuni mzizi.

Nilitoa kalamu. Nilimwambia aniambie alichokiona kwa macho yake siku ya maziko, na asiongeze neno. Mara mbili alianza kupamba, nikamkatiza. Tulipata mistari minne: kaburi lilikuwa upande wa nyumba ambako jua huchomoza, kutoka hapo mto ulisikika lakini haukuonekana, udongo wa juu ulikuwa mwekundu na wa chini mweupe, kichwa cha baba kilielekezwa milimani.

Ofisa aliisoma mistari hiyo mara mbili. “Kijiji kilipokuwa, askari wanapajua,” alisema. “Tutakufikisha hapo mwezi wa saba, barabara ikikauka. Zaidi ya hapo siahidi, mzee.” Nilimshukuru kwa kutoahidi.

Juzi shemeji alipiga simu. “Mume wangu anauliza kama naye aje. Anasema huenda akifika atakumbuka.”

Nimelifikiria swali hilo siku tatu. Ndiye pekee aliye hai aliyesimama pale. Lakini akinyoosha kidole kwenye kichaka na kusema “hapa”, nitajuaje kama amekumbuka, au amenihurumia tena? Nikimwamini, nitasali mahali alipopachagua yeye. Leo nimepeleka fomu ya wageni ikiwa na jina moja. Mwezi wa saba nitasimama mahali kijiji kilipokuwa, nitamwombea baba nikiwa nimelielekea pori lote, na nikiulizwa kaburi liko wapi nitasema sijui.