Visigino vya Baba Yako

Mwanangu Bishar, kila nikiosha miguu kwa ajili ya sala naikumbuka siku moja ya ujana wangu kule Wajir, siku niliyolia kwa sababu visigino vyangu vilikuwa laini. Usicheke. Nilikuwa kijana mzima, ndevu za kwanza zinachomoza, nikichunga ngamia bila msaidizi, na bado nililia. Nakuandikia haya kwa sababu ule ujumbe wa sauti niliokutumia juzi uliusikiliza nusu, tena ile nusu ya salamu.

Unajua sisi Wasomali humwita mtu kwa kile jicho linachokiona. Mrefu ataitwa Mrefu, anayechechemea ataitwa Kiguru, wala hakuna anayenuna. Babu wa babu yangu aliitwa Mwenye Visigino, na jina hilo likashika nyumba yetu yote. Wanaume wengi wa kwetu walikuwa na ule mshipa wa nyuma ya mguu, unaopanda kutoka kisigino, umenenepa na kuwa mgumu, una vinundu ambavyo unaweza kuvishika kwa vidole. Watu walisema ni alama ya watembeaji, kwamba Mungu ametufunga kamba miguuni ili tusichoke njiani. Wazee walipokwenda kumposea kijana wetu mchumba, visigino vilitajwa kabla ya idadi ya ngamia.

Baba yako, kaka yangu Adan, alinizidi miaka minne, na vinundu vilikuwa vimeanza kumtoka, visiginoni na kwenye vifundo vya vidole vya mkono. Mimi sikuwa na hata kimoja. Siku hiyo kisimani vijana wenzangu walinizunguka, wakaniambia mimi si damu ya Visigino, niliokotwa njiani, nimeachwa na msafara wa wauza chumvi. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, na nilipomkuta nyanya yetu akikamua mbuzi, machozi yakanitoka mbele yake.

Ayeeyo, ndivyo tulivyomwita nyanya, hakuacha kukamua. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akanikemea kwa sauti ya chini ambayo hata leo naisikia.

"Nyamaza. Nimemzika baba yenu, nimewazika na ndugu zake wawili, wote walianguka hata mvi hazijawatoka. Wote walikuwa na visigino hivyo unavyovililia. Mwanangu mmoja tu ndiye aliyebaki mpaka ndevu zikawa nyeupe, na mguu wake ni kama wako. Nenda kamshukuru Mungu, halafu ukae ufikiri."

Nilimshukuru Mungu shingo upande. Kufikiri sikufikiri. Nilimsimulia Adan jioni ile, akacheka mpaka akashika mbavu. "Ayeeyo amechoka na misiba," alisema. "Kila mtu na siku yake, wallahi." Nikacheka naye, na nilicheka kwa furaha, maana kaka yangu alikuwa amezungumza nami kama mtu wa Visigino. Mwaka uliofuata Ayeeyo alifariki, na lile neno lake likafukiwa pamoja naye.

Sasa sikiliza kinachoniuma. Mimi nilisoma, nikaajiriwa kuwa afisa wa mifugo, nikazunguka kutoka Masalani hadi Elwak kwa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kuuliza. Mfugaji akiniambia ndama wake wawili wa ngamia wameanguka ghafla wakafa, swali langu la kwanza ni hili: mama yao ni nani, na baba yao, na kuna wengine wa uzao huo waliokufa hivyo? Mfugaji naye hakuhitaji kukuna kichwa. Angeutaja uzao wa ngamia yule mama kwa mama mpaka nichoke kuandika. Ukoo ukionekana una kasoro, dume lake halipandishwi tena. Hivyo ndivyo tulivyowatunza wanyama. Lakini watu wa nyumba yangu mwenyewe, ambao nilikula nao sahani moja, sikuwahi kuwauliza swali hilo hata siku moja.

Baba yako alihamia hapa Garissa, akawa mfanyabiashara wa ng'ombe. Alikuwa mwembamba, wewe umechukua umbo lake. Alikuwa na miaka thelathini na tisa alipoanza kusimama njiani akiwa anatembea, mkono kifuani, akisema kuna kitu kinambana. Akipumzika, kinaachia. Tulifanya yale tuliyoyajua. Mzee mmoja alimchoma kifuani kwa chuma cha moto. Mimi, kwa kuwa nilimpenda, nilinunua kondoo mwenye mkia mnono kuliko wote sokoni, nikayayeyusha mafuta ya ule mkia, nikawa namnywesha kikombe kila asubuhi kabla ya chai. Alikuwa akikunja uso. "Yananichefua," alisema. Nami nikamwambia, "Kunywa, upate nguvu." Alikunywa kwa sababu ni mimi niliyempa.

Alifia sokoni, ameegemea ua wa mazizi, kofia imemfunika macho. Dalali aliyekuwa naye alidhani amesinzia, akaendelea kubishana na mnunuzi. Wewe ulikuwa bado unatambaa. Nilimwosha mimi mwenyewe, na nilipofika miguuni nikavishika visigino vyake kwa mikono miwili. Unajua niliwaza nini, mwanangu? Niliwaza kwamba hakika huyu alikuwa wa Visigino. Nilijivunia. Nimemwomba Mungu anisamehe fikira ile, lakini mimi mwenyewe sijajisamehe.

Matangani wengine walisema ni jicho la watu, kwa sababu biashara yake ilikuwa imenawiri. Wengine walisema ni kadari. Kadari ni kweli, sibishi. Ila ngamia naye hufa kwa kadari, na bado tulikuwa tunauliza ukoo wake.

Basi mwaka juzi, mimi nimeshastaafu na kazi yangu ni kuwasumbua nyinyi, akaja hapa daktari mmoja msichana, Nasteho, mzaliwa wa Wajir. Alikuwa na wenzake wakifanya utafiti juu ya mafuta ya damu na maradhi ya moyo kwa watu wa huku kwetu. Waliniomba niwatafsirie na kuwatuliza wazee, kwa maana wengi waliogopa damu yao itapelekwa wapi. Siku ya kwanza Nasteho aliuliza mkutanoni kama kuna aliyefiwa na jamaa ghafla, akiwa bado hajazeeka. Nikamsimulia habari ya Adan, nikitaraji pole. Badala ya pole akaniita ami kwa Kisomali, akaniuliza, "Adeer, je, alikuwa na vinundu nyuma ya visigino? Na kwenye vidole vya mkono?"

Nilikaa chini. Msichana ambaye hakuwa amezaliwa kaka yangu alipokufa alikuwa ananielezea mwili wake.

Alinieleza polepole, nami nakueleza vile vile. Mafuta hayachanganyiki na damu, kwa hiyo mwili huyapakia kwenye vibebeo vidogo sana vinavyoitwa lipoproteini. "Fikiria mikokoteni ya punda inayosambaza maji hapa mjini," alisema. Kuna aina moja inayobeba lehemu, yale mafuta ambayo hospitalini huitwa kolesteroli. Ikishamaliza mzunguko, inapaswa kuingia kwenye ini kupitia milango maalumu, na huko inapokewa. Kuna koo ambazo watu wake huzaliwa na milango pungufu. Mikokoteni inabaki barabarani, inasongamana, na mzigo unamwagika pembeni. Mshipa wa moyo unazidi kuwa mwembamba tangu utotoni, mwenyewe akicheza na kukua bila kuhisi lolote. Mzigo mwingine hukaa kwenye mishipa ya visigino. Vile vinundu vyetu vya fahari, mwanangu, vilikuwa lehemu.

Nikamwuliza lile lililokuwa likinisumbua. Nikamtajia kondoo, mafuta, kikombe cha kila asubuhi. "Hayakumsaidia, adeer," alisema. "Lakini si wewe uliyemuua. Alizaliwa nao ugonjwa huu." Nikamwuliza kama ningempeleka hospitali angepona. Akasema miaka ile dawa zenyewe zingekuwa shida kuzipata huku. Kisha akaniangalia moja kwa moja. "Watoto wake wako wapi?"

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa hasara. Ningekaa nikafikiri kama nilivyoambiwa na Ayeeyo, huenda nisingemwokoa kaka yangu. Lakini wanawe wangechunguzwa zamani. Miaka yote hii nimewalea, nimewalipia shule, nimewafokea kwa viatu vichafu, na jambo hili moja sikuligusa.

Dada yako Sahra alikwenda kupimwa siku ile ile. Alikutwa nao. Sasa anameza kidonge chake kila jioni, amepunguza mafuta kwenye chungu, na kipimo chake kimeshuka. Damu yangu mimi ilikutwa safi. Nilipoambiwa hivyo sikufurahi hata kidogo, nilimfikiria Adan.

Wewe uliniambia nini? "Adeer, mimi niko fiti. Kwani una-see tumbo hapa? Kila jioni niko uwanjani. Mtu akipimwa ndio anaanza kuugua." Ukawasha pikapu, ukaenda Elwak na mzigo wa sukari. Baba yako naye hakuwa na tumbo. Alitembea na ng'ombe kutoka Wajir hadi hapa kwa miguu. Na Ijumaa iliyopita ulipovua ndala mlangoni mwa msikiti, mimi nilikuwa nyuma yako. Niliviona.

Sahra ameniambia sababu yenyewe, usimkasirikie. Unaogopa watu wakijua kwamba Visigino ni ugonjwa, hakuna atakayekuja kumposa binti yako Ilhan. Nakuelewa. Jina tulilolivaa kama kilemba, leo unataka kulificha chini ya mkeka. Lakini kila mtoto wako ana nafasi nusu ya kuwa nao na nusu ya kutokuwa nao, na kuficha hakubadilishi hesabu hiyo. Mtoto akijulikana mapema hutibiwa, akaishi kama wengine.

Kwa hiyo nakuusia hivi, bila kuzunguka. Nenda ukatoe damu wiki hii, kabla hujapakia mzigo mwingine. Wapeleke na watoto, Ilhan na mdogo wake. Ukipewa dawa uimeze kila siku, hata mwezi upite bila kuhisi chochote, kwa sababu ugonjwa huu haubishi hodi. Kifua kikikubana ukiwa unatembea, simama, uende hospitali, usimruhusu mtu akuchome chuma wala akunyweshe mafuta, hata akiwa mimi. Na watu wakiuliza baba yako alikufa kwa nini, waambie ukweli, ili vijana wengine wa ukoo wetu walioko Wajir na Mandera nao waende.

Mwanangu, dada yako Sahra alipoolewa wewe ulikuwa bado mtoto, kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama kuwa walii wake. Sheikh alipouliza baba wa binti yuko wapi, watu waliinamisha macho, nami nikasogea mbele. Nikatoa idhini. Sahra, upande wa wanawake, alilia kwa sauti, na mimi nilijua halii kwa ajili ya harusi.

Siku ya Ilhan sitaki kusogea mbele. Nataka nikae nyuma na wazee wenzangu, nikilalamika kwamba chai imechelewa, na sheikh akiuliza baba yuko wapi, uitike wewe. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe umri baba yako alioukosa, akuzeeshe mpaka wajukuu wako wakuchoke. Amin.