Mikaratusi ya Dada

Wazo la orodha lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu kwa miaka mingi nimelisimulia kana kwamba lilikuwa wazo la ofisi, na ofisi haina mdomo wa kukanusha.

Nilikuwa nimeacha ualimu wa shule ya msingi nikaajiriwa kama afisa wa nyanjani katika mradi wa kuhifadhi mito huku Imenti Kusini. Mto wetu, mmoja wa ile midogo inayoteremka kutoka mlimani na kupita upande wa Kanyakine, ulikuwa umeanza kukauka kabla ya mvua za Oktoba. Unaukuta umebaki mawe na vidimbwi, ng'ombe wanalamba matope. Kila mtu alijua sehemu ya kosa ni mikaratusi iliyopandwa ukingoni, maana mti ule hunywa maji mchana kutwa bila aibu. Serikali ilikuwa imeshaagiza iondolewe. Chifu alitangaza barazani mpaka sauti ikamkauka. Watu waliitikia kwa adabu, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani, na mikaratusi ikaendelea kunenepa.

Ndipo walipokuja wataalamu wawili kutoka Nairobi, watu wa sayansi ya tabia. Walituketisha siku mbili katika ukumbi wa hoteli mjini Meru, wakatueleza kwamba mtu habadiliki kwa kuambiwa ukweli. Ukweli anao tayari. Hubadilika akiona jirani aliye kama yeye amebadilika, na akijua kwamba yeye mwenyewe anaonekana. Nililipenda jambo hilo papo hapo. Nilikuwa nimefundisha darasa la pili. Nilijua kwamba mtoto mmoja akivua viatu, baada ya dakika tano hakuna mwenye viatu. Walipouliza watu wa kwetu huonana wapi, wenzangu walisema sokoni Nkubu, wengine wakasema barazani. Mimi nikasema kanisani, wakati wa matangazo. Tusome majina ya walioondoa miti. Wasioondoa tusiwataje kabisa. Kutotajwa kutatosha.

Mtaalamu mmoja, kijana mpole mwenye miwani, aliyaandika maneno yangu katika daftari lake. Nikavimba kichwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo niliifundisha kila mwaka na hata siku moja sikudhani inanihusu.

Tulipanga hivi. Anayetaka jina lake lisomwe akate mikaratusi iliyo kando ya mto, ang'oe na visiki, kwa sababu kisiki cha mkaratusi ukikiacha kitachipua tena. Kisha pale pale ipandwe miti ya asili tuliyogawa bure, miringa na mianzi. Mimi ningekuja na fomu, nijaze jina la aliyekata na jina la aliyepanda, nipige muhuri. Jumapili katekista angenipa nafasi baada ya misa, nami ningesoma.

Jumapili ya kwanza nilisoma majina manne. Shingo ziligeuka. Mzee mmoja aliyetajwa alijaribu kuficha tabasamu akashindwa, na mke wa jirani yake akamtazama mumewe hivi. Jumamosi iliyofuata misumeno ya injini ililia bondeni tangu asubuhi. Haukupita muda orodha yangu ikawa ndefu kuliko matangazo ya ndoa, na katekista akaanza kunitania kwamba nampokonya waumini. Nilikuwa na furaha, sitasema uongo. Niliona sayansi ikitembea kwa miguu yangu.

Sasa nimtaje dada yangu.

Mama alipofariki nilikuwa darasa la tatu. Dada mkubwa alikuwa ameolewa juzi tu, naye akanichukua nikaishi kwake, jambo ambalo nyumba nyingi za waume zisingelikubali. Mumewe alikubali. Nililelewa kwa nduma alizolima kwenye kipande cha chini kando ya mto, na nikasoma mpaka chuo cha ualimu nikiwa chini ya paa lake. Baadaye mumewe alifariki. Walikuwa na mabinti wawili, wote wakaolewa mbali. Mtoto wa kiume hakumpata. Aliyebaki jirani yake ni shemeji yake, mdogo wa marehemu. Cheti cha shamba kilikuwa bado katika jina la baba mkwe aliyekwisha kuzikwa zamani, na ndugu wale wawili walikuwa wamegawana kwa maneno. Huku juu kwenye kahawa mpaka ulijulikana. Kule chini, kwenye kipande cha mtoni, hapakuwa na alama nyingine ila mikaratusi aliyoipanda mume wa dada kwa mkono wake.

Kwetu, aliyepanda mti ndiye mwenye udongo ulio chini yake. Ndiyo maana mke hapandi mti mkubwa wala haukati. Mti ni wa mwanamume na unasema kwa niaba yake hata akiwa kaburini. Mjane asiye na mtoto wa kiume huishi chini ya miti ya mumewe. Jambo hili nililijua tangu utoto. Nililijua jinsi ninavyojua kumenya ndizi, yaani bila kulifikiria, na labda ndiyo sababu halikunijia kichwani siku zote zile nilipokuwa nikitembea na fomu.

Dada alinijia mara moja tu. Aliniuliza kama miti yake inaweza kuachwa mpaka shamba ligawanywe rasmi na vyeti vitoke. Nilimjibu kwa ile sauti ya ukumbini. Nilimwambia nikimwachia dada yangu, orodha itakufa, watu watasema afisa anawakatisha wengine miti na kuwaficha watu wake. Nilimweleza habari za maji na vizazi vijavyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, akaenda. Kwenye fomu palikuwa na sehemu ya sababu za kukataa, nazo zilikuwa tatu: hana wakati, hana mtu wa kumsaidia, hajui umuhimu. Nikaweka alama kwenye ya tatu. Mwanamke aliyenifundisha kuoga, nikaandika kwamba hajui umuhimu.

Wiki zikapita. Kila Jumapili alikaa kwenye benchi lile lile pamoja na akina mama wenzake, nami nikasoma majina na jina lake halimo. Aliinamia kitabu cha nyimbo kana kwamba kuna wimbo anautafuta. Nikitoka nje alinisalimu vile vile, hana kisirani. Nilidhani hiyo ndiyo sayansi ikifanya kazi yake polepole, na Mungu anisamehe, nilikuwa nikisubiri kwa hamu siku atakaposhindwa kuvumilia.

Wakati huo nilialikwa Embu kuwaeleza maafisa wa sehemu nyingine tulivyofanya. Picha zangu ziliwekwa ukutani, mto kabla na mto baadaye. Walinipigia makofi. Kisha mama mmoja wa makamo kutoka upande wa Mbeere akainua mkono, akauliza, "Na hao walikataa, mliwauliza ni kwa nini?" Nikamjibu kwamba fomu inayo sehemu hiyo, nikamsomea zile sababu tatu. Akauliza mtu mwenye sababu ya nne anaandikwa wapi. Watu walicheka kidogo, nami nikacheka nao, nikaenda kwenye picha inayofuata.

Niliporudi, mikaratusi ya dada ilikuwa imelala chini.

Sikuamini. Nilishuka mpaka mtoni na viatu vyangu vya Embu. Vijana wa kukodi walikuwa wamemaliza kung'oa visiki na kufukia mashimo. Dada alikuwa amekaa juu ya gogo, mikono magotini. Na shemeji yake, amevaa gambuti, alikuwa akipanda miringa mmoja baada ya mwingine kwa mstari ulionyooka. Aliniambia ameona amsaidie mke wa ndugu yake, maana kazi ya kupanda miti si ya wanawake. Nilimsifu. Nilisema mbele ya vijana wale kwamba hivi ndivyo jamii inavyopaswa kuwa. Nikatoa fomu, nikajaza. Aliyekata: jina la dada. Aliyepanda: jina la shemeji. Ulikuwa ukweli mtupu. Shemeji akaomba nakala, nami nikampa, nikaipiga muhuri hapo hapo juu ya goti langu. Dada alinitazama nikifanya hivyo.

Jumapili nikasoma jina lake. Nilipandisha sauti kidogo, watu wakapiga makofi kuliko siku zote.

Kabla ya mvua nyingine shemeji akaweka ua. Ulipita upande wa juu wa kipande cha nduma, chini ya kahawa za dada, na nguzo zake zilikuwa za mikaratusi ile ile. Dada alipomuuliza, alimwambia kwamba pale chini ni kwake tangu zamani, marehemu alikuwa anatumia tu, na kama anabisha aende kwa chifu. Alienda. Nikaenda naye, nimevaa vizuri, nikijiamini kwamba mimi ni mtu wa serikali na nitasikilizwa.

Wazee watano walioitwa na chifu walishuka kwanza mtoni kuangalia. Walitafuta visiki, hawakuona hata kimoja. Tulikuwa tumehimiza ving'olewe vyote. Waliona miringa michanga imeshika vizuri. Shemeji akasema mikaratusi ilikuwa ya baba yao, si ya kaka yake. Majirani waliitwa waseme nani aliipanda. Hawa ni watu niliowasomea majina yao, watu waliomwona marehemu akichimba mashimo yale. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwanza, na kwa kuwa wa kwanza alisema hakumbuki vizuri, wa pili naye hakukumbuka, na wa tatu vile vile. Shemeji ana wana wanne na mashine ya kukatakata majani ya ng'ombe ambayo kijiji kizima huazima. Niliona kwa macho yangu jambo nililofundishwa hotelini, na safari hii halikunifurahisha.

Kisha shemeji akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa vizuri ndani ya nailoni.

Mzee aliyekuwa akiongoza aliisoma taratibu, akanigeukia. "Madam, hii maandishi ni yako?"

"Ni yangu, mzee."

"Na hii muhuri?"

Nikasema ni wa ofisi. Nikaanza kueleza kwamba fomu ile ni ya mradi, haihusu mpaka, kwamba tulitaka tu kuhesabu miche. Nilieleza kwa muda mrefu, kwa Kimeru na kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kidogo ambacho sijui kilitoka wapi. Mzee hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Huyu alipanda, ama hakupanda?"

"Alipanda."

"Basi."

Hawakumtendea dada kwa ukatili. Walimwachia kahawa na nyumba, wakamwonya shemeji asivuke hapo. Lakini kipande cha mtoni kilikwenda, na kilikwenda kwa mwandiko wangu ule mzuri wa ualimu. Nilimwambia twende mahakamani, nitatafuta wakili. Aliniuliza taratibu atamshtaki vipi shemeji, na shahidi wa shemeji huyo ni mimi.

Mto umerudi, hilo lazima niliseme. Hata mwezi wa tisa una maji. Wageni huletwa kuuona, na kwa kuwa pale kwa shemeji miringa imependeza kuliko kwingine, ndipo wanapopigia picha. Nimesimama pale na wageni mara mbili, nikieleza nguvu ya majirani, na dada juu kule akipalilia kahawa ananiona. Baada ya mara ya pili niliandika barua ya kuacha kazi. Watu husema niliacha kwa sababu ya mgongo.

Nilimwendea mchana mmoja, miezi kadhaa baada ya kesi. Alikuwa jikoni anapepeta maharagwe. Nilikuwa nimebeba swali langu muda wote huo, na nilidhani jibu lake nalijua, kwamba zile Jumapili zilimchosha, aibu ya kurukwa mbele ya wenzake ilimzidi nguvu. Nilitaka aniambie hivyo ili nimwombe msamaha unaolingana na kosa. Nikamuuliza kwa nini aliikata mikaratusi, ilhali alijua vizuri kuliko mimi itakavyokuwa.

Aliendelea kupepeta. Alisema zile Jumapili hazikumsumbua, yeye amezoea kukaa kanisani bila kutajwa, tangu azikwe mumewe nani humtaja. Kisha akaweka ungo chini.

"Walikuwa wanasema huko sokoni ati unalazimisha watu, na dada yako mwenyewe amekukataa. Wakasema mkubwa wako akisikia utafutwa. Nikafikiria ile miaka yote umesoma." Aliokota jiwe dogo katikati ya maharagwe, akalitupa mlangoni. "Nikaona kama ni mimi ndiye nitafanya upoteze kazi, heri nipoteze shamba."

Nililia mbele yake kama mtoto. Alininyamazisha, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akininyamazisha.