Uji wa Sista Pilar na Neno Koma

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba ndimi nyingi na anayezisikia zote bila mkalimani.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipomwona mtu mwema akikaribia kufa kwa neno moja, na maana zote mbili za neno hilo mimi nilizijua.

Ilikuwa Kampala, miaka ile ya utawala wa wanajeshi, wakati mtu akitoka asubuhi humuaga mkewe mara mbili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikipokea wagonjwa katika zahanati ndogo upande wa Bugolobi. Muuguzi wetu, Sista Pilar, alikuwa mtawa kutoka Uhispania. Wageni wengi walikuwa wameondoka; yeye alibaki. Kila baada ya sala ya alasiri alinifundisha Kihispania, nami nikamfundisha Kiswahili. Nilistaajabu kwamba meza yao na yetu karibu ni neno moja, na kwamba wakitamani jambo husema "ohala", neno ambalo mababu zao walilipata kwa Waislamu, lenye jina la Mola ndani yake. Nikajiona mwanachuoni.

Basi Sista alikuwa na desturi ya kuwalisha wagonjwa dhaifu kwa mkono wake. Na kwao, kumwambia mtu "kula" kwa heshima ni "koma". Aliinama na kijiko cha uji, akitabasamu: "Koma, mama, koma." Wewe wajua neno hilo lina ukali gani kwetu, na Waganda nao hulitumia kumkataza mtu. Siku ya kwanza Jaja Mariamu, bibi mmoja wa Kibuli, alirudisha bakuli akaniuliza kwa unyonge, "Mwanangu, nimekosa nini?" Sikumweleza. Nilikimbilia stoo nikacheka hadi machozi, mimi na dereva wetu, na tangu hapo tukawa tunaingoja saa ya uji kama watu wanaongoja mchezo. Kesho yake Jaja aliomba arudishwe kwake, hata hajapona. Hilo nalo halikunizindua. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Wiki chache baadaye aliletwa askari mwenye malaria kali. Alikataa kuiacha bunduki yake. Aliilaza kitandani ubavuni mwake kama mtoto. Sista akaja na bakuli. "Koma, senyor," akamwambia.

Askari akafumbua macho. "Wewe naambia nani koma?"

Sista alielewa tu kwamba mgonjwa amezungumza, akafurahi. Akasogeza kijiko. "Koma, koma."

Nilisikia chuma cha bunduki kikilia. Mpaka leo, komeo la mlango likifungwa ghafla, mwili hunisisimka. Lugha zangu zote zilinikimbia. Sijui nilifikaje pale. Nilimpokonya Sista kijiko, nikala uji ule mbele ya mtutu.

"Afande, kwao koma ni kula. Tazama, mimi nakoma."

Akanitazama, jasho la homa likimtiririka. "Lugha gani hiyo?"

"Kihispania, afande."

"Na wewe najua? Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu sasa."

"Na yeye hapana ambia?" Akashusha bunduki. "Kumbe ni wewe nataka mimi naua mama ya watu."

Kisha akafungua kinywa, akalishwa. Nilikuwa nimepita chuo cha Kurani na kusikia mawaidha mengi, lakini aliyenikemea hata nikakemeka ni mtu tuliyemwogopa kuliko simba.

Sista aliponiuliza kulikoni, nilimweleza yote, kichwa chini. Hakunigombeza. Alikaa, uso umempauka, midomo ikitaja mmoja mmoja wote aliowalisha. Kisha akauliza, "Na yule Jaja?"

Jumapili, baada ya misa yake, tulipanda kilima cha Kibuli kwa miguu. Njia nzima alikariri sentensi moja: "Nisamehe, mama, nilisema kula." Jaja alikuwa hai, alhamdulillahi, amekonda, amekaa mkekani. Alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akanitazama mimi. "Na wewe ulikuwepo," akasema, basi. Akaagiza matoke na mchuzi wa karanga, akamsogezea mgeni sahani.

"Haya, binti yangu," akamwambia taratibu, "koma."

Sista akacheka huku analia, na akala.

Mwanangu, jifunze lugha za watu. Mola alituumba mataifa na makabila ili tujuane, hakutuumba ili tuchekane. Lakini ukishaijua lugha ya mgeni umepokea amana. Akiteleza, mwambie siku ileile, kwa upole, mkiwa wawili. Mgeni ni kipofu japo ana macho. Wewe ndiye fimbo yake, na fimbo haimcheki kipofu.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akujaalie ulimi wenye huruma, na popote utakapokuwa mgeni akuwekee mtu wa kukuambia neno lako limesikikaje. Amina.