Bepe Isiyo na Namba

Ukitoka soko la Kamembe ukafuata njia ya udongo inayopanda kilimani, utafika mahali panapoitwa Bepe. Zamani usingewauliza wenyeji maana ya jina hilo, kwa sababu kila mmoja alikuwa na yake na alikuwa tayari kukuapia. Wengine walidai Bepe alikuwa mzungu aliyepima barabara akafa kwa homa. Wengine walisema ni neno la Mashi, lugha ya ng'ambo ya mto, lenye maana ya mahali pa kutua mzigo. Bibi mmoja alikuwa na kisa cha ng'ombe aliyeitwa Bepe, na alikisimulia vizuri mno hata ukatamani kumwona ng'ombe mwenyewe. Aliyejua ukweli, ukimtoa mkewe, alikuwa mtu mmoja tu, naye alinyamaza miaka mingi akipiga randa mbao zake.

Huyo ni Ramazani, seremala. Alizaliwa Kamembe, katika mtaa wa Waswahili, ambako baba yake alifika kutoka upande wa Uvira akiwa na msumeno na kanzu ya sikukuu. Ramazani hakuwahi kuishi pengine. Lakini tangu utotoni kila aliyekutana naye alimwuliza swali lilelile: weye unatokaka wapi? Akijibu Kamembe, mtu hucheka kwa upole na kuuliza tena, hapana, kwenu kabisa ni wapi? Hawakuwa na nia mbaya. Ila swali lilimchosha, na liliendelea kumchosha hata ukubwani, alipokuwa ameshawatengenezea milango nusu ya watu wa mji ule.

Miaka kadhaa baada ya uhuru alichoka na kelele za mjini, akajenga nyumba na karakana kule kilimani. Kule juu hapakuwa na jina. Palikuwa na migomba, mihogo na njia. Mteja akitaka kujua karakana iko wapi, anaambiwa panda, panda, halafu uliza. Ramazani akaona dawa ya yote hayo ni moja: sanduku la posta. Wenye maduka makubwa walikuwa nalo, mapadre walikuwa nalo, na chini ya majina yao paliandikwa B.P., kama Wafaransa wanavyofupisha sanduku la posta, kisha namba, kisha Cyangugu, jina la mkoa. Mtu mwenye B.P. na namba yake utamwulizaje anatoka wapi? Si imeshaandikwa?

Akaenda posta. Karani akamwambia masanduku yote yana wenyewe, asubiri, moja likibaki wazi ataitwa. Mtu mwingine angesikia kwamba hakuna. Ramazani alisikia kwamba ataitwa. Akarudi kilimani anapiga mluzi, akakoroga chokaa na rangi kidogo ya buluu, akaandika ukutani ATELIER RAMAZANI, yaani karakana ya Ramazani. Chini yake, kwa kuwa anwani si jambo la mchezo, akafungua kopo la rangi nyekundu ya mafuta, ile aliyowawekea wateja wenye uwezo, akaandika B na P, herufi kubwa, na nukta zake. Halafu akaacha nafasi.

Zaituni, mkewe, akasimama mlangoni akatazama.

"Na pale patupu?"

"Pale ni pa namba," alisema Ramazani. "Iko mu njia."

Mvua ya Cyangugu haina adabu. Haikupita misimu mingi chokaa ikayeyuka, jina la Ramazani likateremka na maji hadi kwenye migomba. Rangi ya mafuta haikubanduka hata kidogo. Siku hizo akina mama wa Bukavu walikuwa wakivuka mpaka na mabunda ya vitenge na ndoo za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakienda kuuza hadi Gashonga. Ukuta ule ulikuwa na kivuli kizuri, wakawa wanatua mizigo chini yake. Aliyejua kusoma akawasomea wenzake herufi mbili zilizobaki: be, pe. "Tupumuzike pa Bepe," wakaambiana. Kesho yake, wakiagana mpakani, walipatana kukutana Bepe.

Jina likashika. Waliotafuta viwanja wakavitafuta Bepe, na batoto, kama wanavyosema huko, wakazaliwa Bepe. Pikipiki za abiria zilipoingia, pakawa na nauli ya Bepe. Miaka mibaya ikaja, watu wakapotea, nyumba nyingine zikabaki zimefungwa, na wale waliorudi walipoulizwa njiani wanakwenda wapi walijibu kwa neno hilohilo. Ramazani aliyasikia yote. Utadhani alijivuna. Wapi! Lilimuuma. Kila aliyetamka Bepe alimkumbusha, bila kujua, namba ambayo haikuja na jina lake lililooshwa na mvua. Posta aliacha kwenda. Mara moja alishika brashi ili azifute zile herufi, Zaituni akamnyang'anya. "Bantu batashukia wapi?" alimwuliza, na Ramazani akarudi kwenye randa yake.

Hata ukafika mwaka ambao wakubwa walipanga nchi upya na Cyangugu yenyewe ikageuzwa Rusizi. Kila kijiji kikatakiwa kitoe jina la kuandikwa. Mkutano ukaitwa mbele ya karakana, na watu wakakalia mbao za Ramazani bila kuomba ruhusa, kama ilivyo desturi yao.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwalimu Muhigirwa, aliyejenga juu kidogo na kupanda maua mbele ya nyumba. Alikuwa mtu mzuri, asiye na dharau.

"Bandugu, munisamehe," alisema. "Bepe haiko jina. Ni boîte postale, sanduku ya barua. Tukiandika vile ku makaratasi, ni sawa tunasema tunaishi mu sanduku. Mimi naomba tuite Amizero. Matumaini."

Watu wakacheka, kisha wakaona hakuna cha kuchekesha. Bibi wa ng'ombe akanuna, maana mnyama wake alikuwa amechinjwa mbele ya umati. Taratibu macho yote yakamgeukia mwenye ukuta.

Ramazani akainuka. Alikuwa ameingoja siku hii na kuiogopa kwa wakati mmoja.

"Mwalimu anasema kweli," alisema. "Ni mimi niliandika. Niliomba namba ku posta, haikuya. Muondoe ile jina. Ukuta nitaupaka chokaa mimi mwenyewe."

Akakaa, akautazama mkono wake wenye makovu ya patasi. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mahali wanapolala palikuwa kidonda cha mtu.

Nabintu ndiye aliyesimama. Alikuwa muuza sambaza, mwenye sauti ya sokoni, lakini siku hiyo aliiteremsha.

"Pole, Papa Ramazani. Hatukujua." Akauonyesha ukuta kwa mkono. "Namba haikuya, ni kweli. Lakini sisi tulikuya. Mama yangu alikuwa anatua muzigo hapa chini ya ile herufi, mimi niko ku mugongo yake. Nikaolewa hapa. Bwana yangu nilimuzika hapa. Nikivuka Bukavu, bantu bananiuliza, weye ni wa wapi? Nabaambia, niko wa Bepe. Habaniulize tena."

Ramazani akainua kichwa. Habaniulize tena. Alichokitafuta yeye posta maisha yake yote, mwanamke huyu alikuwa akikibeba mpakani kila asubuhi pamoja na ndoo yake, na alikipata kwenye ukuta wa Ramazani. Machozi yakamlenga, akajifanya anatoa vumbi la mbao jichoni. Hakuna aliyedanganyika.

Ilipofika kupiga kura, mwalimu Muhigirwa aliinua mkono kabla ya wote, kwa Bepe. Amizero, alisema, atampa binti yake akizaliwa, na kweli alimpa.

Miaka ikapita tena kabla ya kuja kwa vibao. Nyumba zote za kilimani zilipewa namba, na fundi wa kuvifunga akafika kwa Ramazani na ngazi na mfuko wa misumari. Seremala alikuwa mzee sasa, randa aliiachia wengine.

"Muzee, tunaweka juu ya mulango," alisema fundi. "Banatuambia vile."

"Hapana. Kuya huku." Ramazani akamshika mkono, akamwonyesha ukuta, pembeni ya herufi nyekundu zilizopauka. "Hapa. Nafasi yake iko."

Fundi akatazama mlango, akatazama ukuta, akaona si vizuri kubishana na mzee. Akapigilia. Kibao kikatosha pale kana kwamba kilipimwa.

Fundi alipokwenda zake, Ramazani alivuka njia akasimama upande wa pili, ili asome kama mgeni anayepita. Alijua vizuri kwamba hakuna wa kumwandikia. Wanawe walimpigia simu, na barua watu wameshasahau hata zinavyokunjwa. Hata hivyo alisoma, B.P. 17, akarudia kusoma, mpaka Zaituni akatoka kuona kinachomweka juani.

"Unaangalia nini, Papa?"

Ramazani hakugeuka, maana safari hii hakukuwa na vumbi la mbao la kusingizia.

"Imekuya," alimwambia. "Namba imekuya."